Dola 500 za shabiki wa chuo: uwanja mkubwa, kiti, mfuko wa wachezaji au timu ndogo?

Bahasha kutoka idara ya michezo ya chuo nilichosoma hapa Marekani ilinifikia Februari, na ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilipendeza macho: picha ya uwanja mpya wa mpira wa Kimarekani, jua la jioni limelalia vioo vya boksi za VIP, na chini yake kadi ya ahadi yenye visanduku vya kuweka alama, dola 250, 500, 1,000, 5,000, na nafasi ya kujaza kiasi chako mwenyewe. Ya pili ilikuwa fupi. Iliniarifu kwamba jukwaa la mashariki, ambako mimi na mke wangu tumekaa misimu 9, litavunjwa, na kwamba mahali tutakapokaa kwenye jukwaa jipya patategemea pointi. Pointi hupatikana kwa kuchangia.

Niliziweka mezani, moja kando ya nyingine. Moja iliomba mchango, nyingine ilitaja bei, na zote ziliita fedha hiyo "zawadi yako".

Jumamosi za mechi tunakutana Waswahili, familia 6 au 7, kwenye maegesho ya uwanja, nyama ikiwa jikoni tangu asubuhi. Msimu uliopita hatukuzungumza jingine. Mzee wetu aliyehitimu hapo miaka ya 80 alisema ameshatuma dola 1,000 za uwanja na hataki kuulizwa. Dada mmoja muuguzi akasema hatoi hata senti mpaka aelezwe kwa nini kocha aliyefukuzwa bado analipwa. Kijana mwingine, aliyeletwa Marekani na mbio za nyika, akauliza mbona hajawahi kupigiwa simu hata mara moja kuombwa achangie timu yake mwenyewe. Swali la huyo kijana ndilo lililonikalisha chini nikaanza kupiga hesabu.

Ninaandika kwa ajili ya mtu kama sisi: umesoma kwenye chuo cha huku, au mwanao yuko huko, unaipenda timu kwa dhati, na una dola 500 za kutoa kwa mwaka, si milioni. Njia zilizopo ni nne. Msimamo wangu nauweka mapema: dola 500 zina nguvu kubwa zaidi kwenye timu ndogo, kama ile ya mbio za nyika, kiti ni bidhaa, kinunue kama unakitaka, na uwanja mkubwa ndio unaokuhitaji kidogo kuliko vyote, ingawa ndio unaokupigia simu kila wiki.

UWANJA MKUBWA

Kwanza elewa fedha hizi hupatikana vipi. Kampeni kubwa za vyuo vya Marekani huanza kimya kimya. Mwaka mmoja, miwili au zaidi kabla ya tangazo, mkurugenzi wa michezo na maofisa wa uchangishaji huzunguka kwa matajiri wachache wakikusanya ahadi, na kwa desturi ya kazi hiyo hawajitokezi hadharani mpaka wawe na nusu ya lengo au zaidi. Simu inapokufikia wewe, jengo limeshachorwa, majina ya kuwekwa ukutani yameshapatikana, na mkopo umeshajadiliwa. Sisi tuliokulia kwenye harambee tumezoea mgeni rasmi afungue kwa chake mbele ya watu, kisha wengine wafuate, kila noti ikitangazwa na kupigiwa makofi. Huku mgeni rasmi alishatoa zamani, katika chumba ambacho hukualikwa.

Chukua Northwestern, jirani na Chicago. Mwaka 2021 familia ya Pat Ryan, mwanzilishi wa kampuni ya bima ya Aon, iliahidi chuo hicho dola milioni 480, sehemu yake ikiwa ya utafiti na sehemu ya uwanja. Uwanja wao wa zamani wenye viti kama 47,000 ukavunjwa, na mpya unaogharimu zaidi ya dola milioni 800 una viti kama 35,000. Fedha nyingi zaidi, viti vichache zaidi. Hapo ndipo viwanja vingi vya vyuo vinapoelekea: viti vya bei ya juu, vyumba vya kioo, na nafasi inayopungua kwa sisi watu wa mzunguko.

Oregon ni mfano ninaoujadili kwa moyo mzito kidogo, kwa sababu ni nyumba ya riadha na watu wetu wamekimbia pale. Edward Cheserek wa Kenya alishinda mataji 17 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, akiwa mwanafunzi wa chuo hicho. Uwanja wa Hayward, Eugene, ulijengwa upya kwa zaidi ya dola milioni 270, fedha za wafadhili binafsi wakiongozwa na Phil Knight wa Nike na mkewe Penny, ukafunguliwa 2020, na Julai 2022 ukaandaa mashindano ya dunia ya riadha. Ni uwanja mzuri mno. Lakini ili ujengwe, jukwaa la mashariki la mbao lililosimama tangu 1925 lilibomolewa mwaka 2018, na mashabiki wa mji ule walioomba libaki hawakufanikiwa. Hawakudaiwa hata dola moja, na bado walipoteza kitu. Anayelipa ndiye anayechora.

Halafu kuna mahali ambapo tajiri hakutosha, chuo kikategemea mashabiki wenye uwezo wa kati. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uwanja wake wa Memorial umekaa juu ya ufa wa tetemeko wa Hayward, ufa unaopita chini ya nyasi kutoka goli hadi goli. Ilibidi uimarishwe, hilo halina ubishi. Namna ya kulipia ndiyo iliyoleta balaa: waliamua kuuza haki ya kukalia viti bora hadi miaka 50, kuanzia dola 40,000 na kupanda hadi zaidi ya 200,000 kwa kiti. Uchumi ukaporomoka 2008. Wanunuzi wakapungua, wengine wakarudi nyuma. Uwanja ulifunguliwa upya Septemba 2012 ukiwa na deni la kama dola milioni 445, likiwa pamoja na jengo la mazoezi la kando yake, na miaka michache baadaye chuo chenyewe kikalazimika kubeba zaidi ya nusu ya mzigo uliokuwa wa idara ya michezo. Henry Rono wa Kenya, mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 huko huko Berkeley tarehe 8 Aprili 1978, kwa dakika 13:08.4, ya kwanza kati ya rekodi 4 alizozivunja ndani ya siku 81. Hakuna aliyekuwa ameuza kiti cha miaka 50 ili atimue mbio zile.

Oklahoma State nayo inafaa kukumbukwa na kila anayeambiwa "fedha ipo". Mwishoni mwa 2005 tajiri wa mafuta T. Boone Pickens aliipa idara ya michezo dola milioni 165. Fedha zile zikawekwa kwenye mfuko wa uwekezaji aliouendesha yeye mwenyewe, na mwaka 2008 masoko yalipoanguka zikaanguka nazo. Kijiji cha michezo kilichoahidiwa kikasimama, na uwanja wa besiboli ukasubiri zaidi ya miaka 10 mpaka mfadhili mwingine alipojitokeza. Wakati huohuo walikata bima za maisha kwa mashabiki wazee 27, dola milioni 10 kila mmoja, chuo kikiwa mrithi. Walilipa ada za bima kama dola milioni 33, mpango ukavunjwa, wakaenda mahakamani, wakashindwa.

Nasema haya kwa kuwa mashabiki wengi hudhani hofu yao ni ya washamba. Si ya washamba. Muuguzi wetu aliyekasirika kuhusu kocha ana hoja. Texas A&M ilimaliza kuukarabati uwanja wa Kyle Field mwaka 2015 kwa dola milioni 485, na Novemba 2023 ikamfukuza kocha Jimbo Fisher huku mkataba ukiidai zaidi ya dola milioni 75 kumwachia aende. Maofisa watakwambia, na ni kweli, kwamba fedha iliyotolewa kwa jengo haiwezi kuhamishwa ikamlipe kocha. Ila mfuko mmoja ukijaa, mwingine unapumua. Shabiki aliyejinyima ili apate tofali lenye jina lake uwanjani analijua hilo bila kusoma uhasibu.

Je, kuna wakati wa kuchangia uwanja mkubwa? Upo. Kama kampeni ina kipande kinachojitegemea na unachokiamini, mfano njia za viti vya magurudumu au vyoo vya kutosha vya wanawake, uliza kama mchango wako unaweza kuandikiwa kipande hicho. Na kuna sababu ya mzee wetu, ambayo mimi siipuuzi. Alifika chuoni akiwa peke yake, Mswahili pekee katika bweni lake, na kwenye jukwaa lile ndiko alikokumbatiwa na watu asiowajua timu ilipofunga. Anataka tofali lenye jina lake mlangoni. Fedha ni yake, na kumbukumbu ni yake.

KITI

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa, kwa sababu watu wameuziwa kitu wakaambiwa wametoa. Utaratibu uko hivi: juu ya bei ya tiketi ya msimu, unadaiwa "mchango" wa kila mwaka kwa kila kiti. Ukitoa zaidi unapata pointi, pointi zinakupandisha foleni, na foleni ndiyo inayoamua utakaa wapi na utaegesha wapi gari.

Hesabu yangu ya mwaka jana: tiketi 2 kwa dola 420, jumla 840, mchango wa viti dola 300 mara 2, 600, maegesho 150. Jumla 1,590. Kwenye jukwaa jipya mchango wa kiti umekuwa dola 750, kwa hiyo tukitaka kubaki usawa uleule wa uwanja tutalipa 2,490, kabla tiketi yenyewe haijapanda. Hakuna aliyenidanganya. Kila namba imeandikwa. Kilichoniuma ni kwamba misimu 9 ya kukaa kwenye baridi, hata mwaka ule tulioshinda mechi 2 tu, haikuwa na pointi hata moja. Pointi zilihesabu dola peke yake.

Kuhusu kodi, watu bado wanapotoshana kwenye maegesho. Zamani ungeweza kutoa kwenye kipato kinachotozwa kodi asilimia 80 ya mchango uliokupa haki ya kununua kiti. Sheria ya kodi ya mwaka 2017 ilifuta hilo, na tangu 2018 mchango wa aina hiyo haukupunguzii chochote. Hata waajiri wanaojazia michango ya wafanyakazi wao, wengi hawakubali ule uliokupa kiti.

Na shinikizo litaongezeka. Chuo Kikuu cha Tennessee kilitangaza Septemba 2024 kwamba tiketi za msimu wa 2025 zitaongezwa asilimia 10 kwa ajili ya kulipa wachezaji. Walisema wazi fedha inakwenda wapi, na mimi naona afadhali hivyo kuliko kuambiwa ni zawadi.

Kwa hiyo ushauri wangu: kiti kipime kama unavyopima tiketi ya ndege. Kama Jumamosi 7 kwa mwaka na watoto wako zina thamani ya fedha hiyo, nunua na ufurahi. Kama hazina, acha bila kujiona msaliti. Kuna michezo mingine chuoni ambako kwa dola 10 unakaa mstari wa pili. Usidhani ni michezo ya watu wachache: tarehe 30 Agosti 2023 Nebraska iliandaa voliboli ya wanawake kwenye uwanja wake wa mpira wa Kimarekani, wakahudhuria watu 92,003.

MFUKO WA WACHEZAJI

Tangu Julai 1, 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuingiza kipato kwa jina na sura zao, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja katika mwaka wa 2025–26. Naunga mkono wachezaji kulipwa. Walijaza viwanja kwa miongo mingi huku wengine wakitajirika.

Lakini vile vikundi vya mashabiki vinavyokuomba dola 20 kwa mwezi ili "tuwabakize vijana wetu" ni njia dhaifu kwa mtu mwenye dola 500. Mchezaji anaweza kuhama mwakani, na mamlaka ya kodi ilishaeleza mwaka 2023 kwamba vikundi vingi vya aina hiyo, kwa maoni yake, havistahili msamaha wa taasisi za hisani. Tena kuna jambo linalotugusa sisi moja kwa moja: vijana wetu kutoka Kenya, Tanzania au Uganda wanaokuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, wamebanwa na masharti ya ajira ya viza hiyo, hivyo wengi wao fedha hizi wanazisikia tu. Ukitaka kumwinua kijana wa kwetu, huu si mlango wake.

TIMU NDOGO

Oktoba nilikwenda kuangalia mbio za nyika za chuo chetu, mara ya kwanza tangu nihitimu. Nilimfuata yule kijana wetu aliyeuliza swali. Mashindano yalikuwa kwenye uwanja wa gofu wa mjini, baridi ya asubuhi, majani yamelowa. Hema la timu lilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa gundi ya karatasi na fimbo ya bendera. Wasichana walibadilishia nguo ndani ya basi, wakipeana zamu, mmoja ameshika taulo mlangoni. Binti mmoja kutoka kwetu, mwaka wa pili, alikuwa na viatu vya misumari vya kuazima. Kidole gumba kilikuwa kimetoboa upande wa kushoto, akakizungushia plasta nyeupe, akaijaribu kwa kuruka mara tatu, akaenda kupanga mstari. Alimaliza wa 11.

Kocha alinionyesha daftari lake. Ukurasa mmoja, kwa penseli: hema, dola 640. Viatu jozi 4. Duara la kurushia tufe, saruji imepasuka, wanarushia kwenye chuo jirani. Mkeka wa kuruka juu, zipu imeharibika, maji yanaingia. Nilimuuliza mara ya mwisho mfadhili alimpigia lini. Alifikiri kidogo, akasema ni mama wa mwanafunzi aliyemletea maboksi ya maji.

Hiki ndicho kiwango ambacho dola 500 inaonekana kwa macho. Sifa ya riadha ya vyuo vya Marekani, ambayo Suleiman Nyambui wa Tanzania aliijenga akiwa chuo cha Texas huko El Paso kabla ya kuchukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, ilisimama juu ya makocha wenye madaftari kama lile.

Njia hii nayo ina hatari zake. Ya kwanza ni kwamba timu ndogo inaweza kufutwa siku moja kwa tangazo. Julai 2020 Stanford, chuo tajiri kuliko vingi duniani, kilitangaza kufuta michezo 11. Wahitimu wakaungana, wakachanga, wakaandika, wakaenda mahakamani. Mwanamieleka Shane Griffith akachukua ubingwa wa taifa Machi 2021 akiwa amevaa nguo nyeusi isiyo na nembo ya chuo. Na Mei 2021 uamuzi ukafutwa. Huko Birmingham, Alabama, chuo cha UAB kilifuta mpira wa Kimarekani Desemba 2014, na Juni 2015 kikaurudisha baada ya wafanyabiashara, wanafunzi na watu wa mji kuahidi fedha. Timu ikarejea uwanjani 2017 na mwaka uliofuata ikachukua ubingwa wa ligi yao. Hizo ndizo kesi ninazozijua ambapo mashabiki walibadilisha uamuzi kwa mchango, na zote mbili fedha ilikuja imefungwa na sharti moja lililo wazi.

Hatari ya pili ni ya kihasibu. Ukitoa 500 kwa riadha, idara inaweza kupunguza 500 kutoka bajeti yake ya riadha, timu ikabaki palepale. Muulize kocha, au ofisa wa mfuko, swali hili kwa maneno haya haya: "Hii inaongezwa juu ya bajeti au inaziba bajeti?" Akisita, elekeza mchango kwenye kifaa ambacho hakimo kwenye bajeti kabisa. Jambo jingine ni sheria ya 1972 ya usawa wa kijinsia katika elimu: chuo kinapaswa kuhakikisha wasichana hawabaki nyuma kwa vifaa, hata kama vifaa vya wavulana vililetwa na wafadhili. Kwa hiyo ukichangia kitu ambacho timu zote mbili zinatumia, hema, mkeka, duara, unamrahisishia kocha maisha.

Watu huniuliza kuhusu mfuko wa kudumu, ule ambao mtaji hauguswi. Vyuo vingi vina kima cha chini, mara nyingi kama dola 25,000, na hutumia kama asilimia 4 kwa mwaka, yaani dola 1,000. Kwa familia 6 zinazochanga 500 kila moja ni zaidi ya miaka 8 kufikia kima hicho. Si mbaya kwa kikundi chenye subira, lakini hema linavuja sasa hivi.

ZIWEKE KANDO KWA KANDO

Dola 500 kwenye mradi wa ukubwa wa Kyle Field ni sehemu moja kati ya 970,000. Dola 500 zilezile ni theluthi mbili ya mchango wa kiti kimoja kwa mwaka mmoja kwenye jukwaa letu jipya, na mwakani unaanza upya. Ukizipeleka kwa wachezaji, ukilinganisha na kile chuo chenyewe kinachoruhusiwa kulipa, ni sehemu moja kati ya 41,000. Kwa kocha wa nyika, ni karibu hema zima.

Kwa kodi: kiti hakikupi chochote. Uwanja na timu ndogo, ukitoa bila kupewa kitu, vinahesabika kama mchango wa kawaida. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 hata asiyeorodhesha makato yake moja moja kwenye fomu ya kodi anaweza kupunguza kwenye kipato kinachotozwa kodi hadi dola 1,000 za michango ya fedha taslimu, 2,000 kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja. Vikundi vya wachezaji, uliza kwanza kabla ya kutuma.

Kwa kuwa na sauti katika uamuzi: kwenye uwanja huna. Kwenye kiti unayo kama mteja, unaweza kutorudi. Kwenye timu ndogo kocha anajua jina lako.

KAMA UMEKASIRIKA

Wengi watakaosoma hapa hawachagui kati ya njia nne. Wanachagua kati ya kutoa na kususa. Ninaielewa hasira hiyo. Ila ujue nguvu yake. Januari 2011 Robert Burton, mfadhili wa chuo cha Connecticut ambaye familia yake ilikuwa na jina kwenye jengo la mpira, aliandika barua akitaka arudishiwe dola milioni 3 na jina liondolewe, kwa kuwa hakushirikishwa kocha mpya alipoajiriwa. Hakurudishiwa, baada ya wiki kadhaa wakapatana, jina likabaki. Kama mtu wa milioni 3 aliishia kwenye mazungumzo, mimi na wewe tukisusa kimya kimya tutahesabiwa tu kama watu waliohama anwani.

Ukisusa, sema. Barua moja kwa mkurugenzi wa michezo, nakala kwa bodi ya chuo, aya mbili: kiasi ulichokuwa ukitoa, sababu ya kuacha, na jambo moja litakalokurudisha. Kabla ya kuandika, tafuta fomu ya 990 ya taasisi inayokusanya michango ya michezo ya chuo chako. Vyuo vingi hukusanya kupitia shirika tofauti lisilo la faida, na fomu hiyo ya kila mwaka ni ya wazi kwa umma. Muuguzi wetu aliisoma jikoni kwake usiku mmoja, na barua aliyoandika baada ya hapo ilijibiwa ndani ya siku 10, wakati simu zake tatu za awali hazikujibiwa.

Sisi viti tuliviacha kimoja, tukabaki na kimoja, tutapokezana na mwanangu. Kwa timu ya nyika tulichanga familia 5. Kwenye hundi, sehemu ya maelezo, tuliandika: "Riadha na mbio za nyika, wanawake na wanaume, kwa hema na duara la tufe tu." Tukaambatanisha barua yenye maneno hayohayo na kuomba risiti inayoyataja. Risiti ya kwanza ilikuja imeandikwa "mfuko mkuu wa michezo". Tukairudisha. Ya pili ilikuja sawa.

Mzee wetu naye aliongeza dola 100, akasema tofali lake la uwanjani bado analitaka.